Bienfait Hajala

Habari ya kifo cha Bienfait iliingia kiwanjani kwa baba yake, Edouard, mchana kweupe, ikiwa imevaa kandambili za rangi mbili, mguu mmoja buluu na mwingine kijani. Aliyeileta alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Mike, mchimba madini aliyekimbia vita vya huko juu akateremka hadi Kindu kwa miguu. Alipopewa maji ya kunywa hakuyamaliza. Aliweka kikombe chini, akauliza kama hapa ndipo kwa mama yake Bienfait wa mtaa wa Mikelenge, yule mwenye kovu kidevuni. Wakamwambia njo hapa, ndipo penyewe. Akavua kofia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu, jamani, heri angepotea njia.

Mama Scholastique, ndiye huyo mama, alikuwa akipepeta mchele wa kuuza. Aliyasikiliza yote bila kuuacha ungo. Mike alisema upesi upesi, macho chini: kwamba yeye na Bienfait walichimba pamoja upande wa Kalima, kisha wakasogea mbele zaidi kufuata yale mawe meusi ya bati, kwamba mvua ilinyesha usiku kucha, kwamba asubuhi zamu ilikuwa ya Bienfait, kwamba mlima ulishuka. Walichimbua kwa majembe, walichimbua kwa mikono, mpaka wakafukuzwa pale na watu wenye bunduki. Ni miaka mingi sasa.

"Na wewe ulikuwa wapi siku hizi zote?" Edouard aliuliza.

"Kila mwaka nilisema nitakuya, baba. Kila mwaka. Lakini kuleta neno kama hili, tena mikono mitupu... niliona haya."

"Uliona haya," Edouard akarudia taratibu, kisha kikohozi kikamkamata, akashindwa kuendelea.

Scholastique aliutua ungo. Akatazama juu kuona jua limefika wapi. Halafu akasimama, akajifuta mikono kwa kitenge chake, akasema neno ambalo Mike hatalisahau maisha yake yote.

"Karibu chakula, baba. Mimi naingia ndani kidogo tu. Bienfait hajala."

* * *

Mike alidhani mama wa watu amerukwa na akili. Ikabidi Espérance, binti wa nyumba ile, amweleze.

Chini ya mto wa kulalia wa Scholastique kulikuwa na mashini ya mchezo, ya zambarau, ya kushikwa kwa mikono miwili, kioo chake kimekwaruzika kama sufuria. Ndani yake kulikuwa na mtu. Mtu huyo aliamka, akaoga, akala, akaenda kazini, akanunua kitanda, akapiga soga na majirani, akalala. Asipokula alinuna na kushika tumbo. Mchezo wenyewe ndio huo. Humo hamkuwa na vita wala mshindi, kulikuwa na kuishi tu. Nywele zake zilichaguliwa na Bienfait, shati lake la manjano lilichaguliwa na Bienfait, na jina aliloandikiwa ni Bienfait.

Bienfait aliipata mwaka ule vita vilipoanza kupoa. Askari wa kigeni wa kulinda amani walikuwa wamepiga kambi mjini, naye akawa anawafulia nguo. Mmoja wao siku ya kurudi kwao akamwachia ile mashini mkononi. Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo Kindu ilifungwa pande zote. Mashamba yako ng'ambo ya mto Lualaba, na aliyevuka kufuata muhogo aliaga kabisa, maana huenda asirudi. Treni ililala gareni, pale stesheni, mpaka majani yakaota katikati ya reli. Watu walikula majani ya viazi bila chumvi, wakashukuru. Sasa wewe mchukue kijana aliyetoka katika njaa ile, mpe mtu wa kulisha, uone atafanya nini. Bienfait alimlisha! Alimfungulia friji mara kumi kwa siku, akicheka peke yake.

"Mama, angalia! Anafungua, chakula kiko. Anafunga. Anafungua tena, kiko!"

Mwanzoni mama yake aligomba. Nyumba nzima ina njaa, wewe unamulisha mutu wa ndani ya kioo? Halafu jioni moja akakaa kando yake kutazama, na tangu hapo hakuondoka tena.

Aliyegomba mpaka mwisho ni Edouard. Alikuwa mtu wa reli, amepanga mabehewa gareni tangu ujana, na kazi aliijua kwa jina moja tu: jasho. Siku moja, mbele ya majirani, alimwambia mwanawe kwamba mwanamume hujenga nyumba kwa matofali, hajengi kwa vidole gumba. Majirani wakacheka. Wiki haikwisha, Bienfait akafunga mfuko wake kwenda Kalima kutafuta hayo matofali.

Mama yake alimsindikiza hadi kwenye mitumbwi ya kuvukia. Pale ndipo alipomfundisha, kwa rangi na kwa maumbo, kwa sababu Scholastique hakupita shule. Hapa pa kuwashia. Hii ni frigo, hiki ni kitanda. Jioni umulaze, kisha ubonyeze hapa, atabaki salama. "Umulishe mpaka nirudi, mama. Usimuache na njaa." Akapanda mtumbwi. Miaka ishirini ikapita, na Scholastique hakumwacha na njaa siku hata moja aliyoweza kupata majiwe ya radio, zile betri.

Maana ile mashini ilikula majiwe mawili, na majiwe yakichoka, kioo kinazimika. Zilikuwepo siku alizokosa hata bei ya jiwe moja. Siku hizo alilala macho yakiwa darini. Alijua vizuri anachokiogopa: kila alipowasha, mwanawe aliamka akiwa ameshika tumbo. Kumbe akizimwa, njaa inamla kule gizani! Hivyo ndivyo alivyoamini, na mtu aliyeiona Kindu ya wakati ule huwezi kumfundisha njaa inafanya nini.

* * *

Kesho yake alikuja Onema, kaka mkubwa wa Edouard, na wazee wawili wa ukoo. Waliketi, wakapewa chai. Onema aliionja, akakitazama kikombe, akasema sukari siku hizi imekuwa mgonjwa katika nyumba hii. Espérance akainamisha kichwa. Sukari yote iliyokuwamo ndani ndiyo hiyo waliyokuwa wakiinywa.

"Shemeji, pole," Onema alianza. "Machozi yako ni yetu. Lakini mutoto hawezi kubaki nje ya udongo wa kwao. Mambo yote ya nyumba hii, sasa tumejua yanatoka wapi. Kikohozi cha ndugu yangu. Ndoa ya Espérance iliyovunjika. Mutoto anapiga hodi, nyinyi hamusikii."

Desturi ya ukoo wao ni hii: aliyefia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukaoshwa, ukavikwa sanda, ukazikwa kama yeye. Lakini mgomba peke yake ni mgomba tu. Lazima kifuani pake pawekwe kitu ambacho marehemu alikishika kwa mikono yake mwenyewe, ndipo roho ijue kwamba kaburi ni lake, iache kutangatanga.

"Kitu gani chake kiko?" Onema akauliza. "Shati?"

"Lilivaliwa mpaka likawa tambara la kupangusia," Espérance akajibu.

"Viatu?"

"Alienda navyo."

"Kikombe? Kijiko? Hakuna hata kijiko?"

Macho ya wote yakageukia mlango wa chumba, kwa sababu Mikelenge nzima ilijua kilichoko chini ya ule mto.

"Hapana," Scholastique alisema.

"Shemeji..."

"Nimesema hapana. Muchukue sufuria yangu. Muchukue kitanda, mimi nitalala chini. Ile hamuichukui."

"Mwanao yuko chini ya mulima," Onema akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "na wewe unasema anakula?" Mzee mmoja akacheka ndani ya kiganja. Scholastique alimwona. Alihisi uso wake unawaka, akabaki ameketi palepale.

"Mama Bienfait," Edouard alisema bila kumtazama. "Uitoe. Tumalize."

"Wewe!" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Wewe haujamuangalia hata siku moja. Miaka ishirini namulisha ndani ya nyumba yako, haujapitisha hata jicho. Leo njo unajua pa kumuweka?"

Edouard aliinuka, akatoka nje akikohoa. Onema akagonga fimbo chini, akasema Jumamosi. Mgomba utakatwa Jumamosi asubuhi, kitu kiwepo au kisiwepo. Na kisipokuwepo, kila ugonjwa utakaoingia nyumba hii baadaye, watu wataujua ulipotoka. Wakaondoka, na chai ya kaka mkubwa ikabaki nusu kikombe.

* * *

Matata, mwenye kibanda cha pale njiani, alikuwa na ulimi. Kila Scholastique alipopita kuchukua majiwe yake, alimpokea kwa kelele: "Mama wa majiwe! Mutoto amekula?" Na vijana wasio na kazi waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Scholastique hakuwahi kuwajibu. Aliweka kopo lake la mchele mezani, akachukua majiwe mawili, akaenda zake.

Ijumaa ile alipofika, benchi lilikaa kimya. Habari ilikuwa imemtangulia. Matata alitoa majiwe mapya kabisa, yale mazuri ambayo humwonyesha mteja mwenye gari, akayasukuma mbele yake na kulikataa kopo la mchele.

"Chukua tu, mama. Pole sana."

Loo! Scholastique alitamani wangecheka. Kicheko chao alikuwa amekizoea, alijua namna ya kukibeba mpaka nyumbani; lakini upole huu hakujua aubebe vipi. Akalirudisha kopo mezani kwa nguvu, mchele ukamwagika kidogo.

"Chukua mchele wako, Matata. Siku nitakapoanza kupewa bure, njo nitajua kwamba amekufa."

Matata akauchukua. Scholastique aliondoka na majiwe yake, na njia nzima hakuna aliyemcheka. Alilia mpaka akafika kwake.

* * *

Jumamosi walimwita atoke kuonyesha kimo. Mgomba ulikuwa umekwisha kuangushwa nyuma ya nyumba, na kijana mwenye panga alisubiri. Scholastique akainua mkono, akausimamisha hewani mahali ambapo utosi wa mwanawe ulifika siku ile ya mitumbwi. Hakufikiri hata kidogo, mkono ulipajua penyewe.

Mike, aliyekuwa amesimama kando na zile kandambili zake, akasogea. Akaunyanyua mkono wa mama kwa vidole viwili, taratibu, ukapanda juu ya pale.

"Alirefuka baadaye, mama," alisema.

Scholastique aliutazama mkono wake pale ulipofika. Mwanawe wa kwenye kioo hakuwa amerefuka. Alirudi chumbani akafunga mlango, akaketi kitandani akiikumbatia mashini, mpaka Espérance alipoingia.

"Mama, wanangoja."

"Wangoje. Espérance, mwanangu, wewe njo umesoma, niambie. Majiwe haya yatafika mpaka kesho? Na kesho kutwa je? Yakiisha kule chini ya udongo, nani atamufungulia frigo? Atashika tumbo gizani peke yake. Mimi sikatai kuzika. Nakataa kumuzika na njaa!"

Espérance akaketi karibu naye.

"Mama. Mashini ikizimwa, hana njaa."

"Nyamaza! Mimi namuona kila siku akiamka na njaa."

"Sababu unamulaza. Mutu akilala, anaamka na njaa. Ni usiku mumoja tu, mama. Ukizima siku moja, ukizima mwezi, kwake ni usiku mumoja. Mashini ikizimwa, haendi mbele wala nyuma. Hana njaa, hana baridi. Anangoja vilevile ulimuacha."

"Si kweli."

"Ile Pasaka ulikosa majiwe wiki nzima mpaka ukaugua. Ulipowasha, alikuwa namna gani?"

Scholastique alifikiri. "Alishika tumbo."

"Kupita siku zingine?"

Aliitazama mikono yake. "Sawasawa na siku zingine," akasema polepole.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nilimuacha dada yangu Adèle kwenye mukeka wa kilio, nikakimbia kumulisha huyu, watu wananitukana nyuma! Kitenge changu cha sikukuu, nilikitoa kwa majiwe! Sabuni, niliacha kuoga na sabuni! Kumbe alikuwa amekaa tu ananingoja, hana neno!"

"Nilidhani unajua, mama. Haki ya Mungu, nilidhani unajua."

Kicheko kikageuka chenyewe. Espérance akamshika mabega, wakalia pamoja, na nje waliosikia wakadhani ni kilio cha kawaida cha msiba.

Mama alipotulia aliuliza jambo moja tu. "Basi yule wa kule chini ya mulima, yeye je?"

Scholastique akajifuta uso, akaichukua mashini, akafungua mlango.

* * *

Watu walikuwa wamejaa kiwanjani. Mgomba umeshaoshwa, umefungwa sanda nyeupe, umelazwa juu ya mkeka, na sanda imeachwa wazi kifuani mahali pa kuwekea kile kitu. Scholastique aliwapita wote, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mike.

"Asubuhi ile," alimwambia. "Kabla ya kuingia shimoni. Alikuwa amekula?"

Mike alimtazama Edouard, akamtazama Onema, akitafuta wa kumsaidia. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu yeyote mwenye huruma angesema ndiyo. Lakini Mike alikuwa amelibeba neno lile miaka mingi, akashindwa kulichafua.

"Tulikuwa na muhogo ndani ya chungu, mama. Alisema atakula akitoka."

Mtoto mmoja alilia, akanyamazishwa kwa ziwa la mama.

"Basi mumuache ale kwanza," Scholastique alisema.

Akaketi kwenye kigoda, kando ya mgomba, mbele ya umati mzima, akatia yale majiwe mazuri ya Matata na kuwasha. Kimuziki kidogo kikalia. Mzee mmoja akaguna, kijana mmoja akacheka. Akakatazwa kwa jicho. Wanawake wazee walikuwa wa kwanza kusogea. Wakainama nyuma ya mabega yake, kisha wengine nyuma yao.

"Njo yeye huyo?"

"Njo yeye."

"Mbona amenuna?"

"Njaa. Ametoka kulala."

"Ee mama, mupatie chakula haraka!"

Mtu mdogo wa shati la manjano akatembea mpaka kwenye friji, akaifungua. Ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele vifupi, akajiziba mdomo.

"Anakula nini pale?"

"Sijui. Mimi kila siku nasema ni wali na samaki."

"Ni wali na samaki," wakakubaliana. "Muongezee." Akaongezewa. Alipokwenda kuoga, bibi mmoja akafunika macho yake na kusema wafunge mlango, mashemeji wako hapa, na watu wakacheka kicheko chenye machozi ndani yake. Onema mwenyewe alikuwa amesogea, shingo ndefu, fimbo ameisahau ukutani. Aliuliza kama nyumba ile yote ni ya kijana. Scholastique akamwambia yote, na akamtembeza: hapa pa kulala, hapa jikoni, bati zima bila tundu, sakafu inang'aa.

Ndipo umati ukaachana katikati. Edouard alikuwa amekuja.

Alisimama nyuma ya mkewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini aliinama, akakitazama kile kioo kilichokwaruzika. Alitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akikagua magurudumu ya behewa.

"Kile kiti," akasema hatimaye. "Kile chekundu, pale barazani. Kwa nini hakikaliwi?"

"Ni chako," Scholastique akajibu.

"Changu namna gani?"

"Wakati wa vita walichukua kiti chako barazani, kile chekundu. Haukumbuki? Bienfait alipopata pesa ya kwanza ndani ya huku, hakununua kitanda, alinunua kiti. Akasema, hiki ni cha baba, atakuya kukaa. Yeye alilala chini. Mimi sijawahi kumukalisha mutu pale."

"Haukuniambia."

"Ulisema usisikie habari za mashini katika nyumba yako, Baba Bienfait."

Edouard akanyoosha kidole chake kinene, kidole cha mtu wa reli, akakigusa kile kiti pale kwenye kioo. Kiti hakikutikisika. "Nilimufukuza," alisema, na sauti ilimtoka kubwa, wote wakasikia. "Nilimufukuza mutoto anaenda kutafuta matofali, na yeye alikuwa amenijengea." Akalia mbele ya kaka yake, mbele ya majirani walewale waliocheka siku ile. Hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Onema ndiye aliyesema mwishowe, kwa adabu, kwamba jua linakwenda. "Haya, shemeji. Ameshakula. Mulaze sasa, tumalize."

"Simulazi."

"Tena?"

"Akilala anaamka na njaa," Scholastique alisema. "Na siku nikifika kule mimi, nani atanifungulia mulango?"

Akambonyezea taratibu, hatua kwa hatua, akamtoa ndani, akampitisha kando ya kile kiti chekundu, akamsimamisha mlangoni, uso umeelekea njiani. Ameoga, ameshiba, shati lake la manjano limenyooka. Akabonyeza pale alipofundishwa, abaki salama. Akazima. Halafu akafungua mgongo wa mashini, akayatoa yale majiwe mawili.

"Yanatoa maji," aliwaeleza. "Yatamuharibu."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka kifuani, akaifunika sanda.

* * *

Jioni yake, wali ulipokuwa umepakuliwa na watu wa msiba wanakula, Scholastique aliingia chumbani kama kawaida, mkono wake ukaenda chini ya mto. Palikuwa baridi. Alikaa pale, mkono umebaki palepale, akimtamani mwanawe kwa namna ambayo hajawahi kumtamani katika miaka yote ishirini. Maana siku zote hizo alikuwa na kazi ya kumfanyia, na sasa hana. Edouard aliingia akamkuta hivyo. Aliketi ubavuni pake, na mara ya kwanza tangu zamani wakaongea juu ya Bienfait mpaka sauti zikawakauka.

Matanga yalipoondolewa, Scholastique alirudi na mchele wake barabarani. Matata alimwona akija tangu mbali. Alisita, akatazama benchi, akayatazama majiwe kwenye sahani yake, akakumbuka alichoambiwa kuhusu vya bure. Basi akajitia moyo, akapaza sauti kama siku zote, ingawa ilimkwama katikati.

"Mama wa majiwe! Mutoto amekula?"

Kwa miaka yote ile hakuwahi kulijibu swali hilo. Leo alisimama. Akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa majiwe mawili, akayaweka mezani.

"Amekula," alisema. "Ameshiba. Haya yamebaki."